Fleti ya Kabla ya Vita Karibu na Broadway: Tathmini Baada ya Kuikagua Mara Mbili

Kwa Jumamosi mbili mfululizo nimeikagua, pamoja na rafiki yangu anayetafuta makazi ya kudumu jijini New York, fleti ya vyumba vitatu vya kulala inayouzwa West End Avenue, katika eneo la Upper West Side, Manhattan. Jengo ni la miaka ya 1920, miongoni mwa yale ambayo madalali wa jiji hili huyaita ya kabla ya vita, wakimaanisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na sifa hiyo huingizwa kwenye bei.

Kwa ujenzi, fleti hii inastahili sifa yake. Dari liko juu karibu mita 3, sakafu ni ya mbao za mwaloni zilizolazwa mshazari mithili ya mifupa ya samaki, na kuta zimepigwa lipu nene kiasi kwamba, nilipofunga mlango wa chumba cha nyuma, kelele za Broadway, iliyo mtaa mmoja tu kutoka hapo, zilififia hata nikausikia mvuke ukigonga ndani ya mabomba. Nyuma ya jiko kuna chumba chembamba chenye choo chake, ambacho tangazo linakiita ofisi ya nyumbani. Kilijengwa kwa ajili ya mtumishi. Sisi tuliolelewa na dada wa kazi tunakitambua chumba hicho bila kuelezwa, nami nilisimama humo kwa muda mrefu kuliko sebuleni, nikitamani tangazo lingekuwa limekitaja kwa jina lake.

Joto hutoka kwenye mtambo wa jengo zima, ambao kwa sheria ya jiji lazima uhudumie wakazi kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, lakini mwenye fleti hana namna nzuri ya kulipunguza, hivyo tulikuta dirisha liko wazi ilhali nje kuna baridi kali. Mashine ya kufulia hairuhusiwi ndani. Nguo hufuliwa chini, kwenye chumba cha pamoja.

Eneo lenyewe halihitaji kupigiwa debe. Kituo cha treni cha mtaa wa 79, kilichofunguliwa Oktoba 27, 1904 pamoja na njia ya kwanza ya chini ya ardhi ya jiji, kiko karibu, na duka la vyakula la Zabar's halipo mbali.

Jambo linalonitia wasiwasi ni lile ambalo halionekani kwa macho. Jengo hili ni la ushirika, kwa hiyo mnunuzi hapati hati ya fleti. Hununua hisa za kampuni inayomiliki jengo, kisha hupewa mkataba wa kuishi humo na kulipa mchango wa matunzo kila mwezi. Bodi ya wakazi husoma taarifa za mnunuzi za benki na za kodi, humwita kwa mahojiano, na inaweza kumkataa bila kutoa sababu, ilimradi isivunje sheria zinazokataza ubaguzi. Aidha, kila jengo linalozidi ghorofa sita hukaguliwa kuta zake za nje kila baada ya miaka kadhaa, na matengenezo yakihitajika, wenye hisa ndio wanaochangishwa. Bei ya fleti hii imepita dola milioni 2, na juu yake mnunuzi hulipa kodi ya nyumba za kifahari, inayoanzia asilimia 1 bei inapofika dola milioni 1 na kupanda kadiri bei inavyokuwa kubwa.

Dalali alitueleza kwa ufasaha habari za mbao na dari, lakini tulipomwomba hesabu za jengo na kumbukumbu za vikao vya bodi, mara zote mbili alisema zitafuata baada ya sisi kutaja bei. Kwa mali ya thamani hii, mpangilio huo haukubaliki. Fleti naipenda, na rafiki yangu anaipenda zaidi yangu; hata hivyo nimemsihi asitaje hata senti moja mpaka wakili wake azisome kumbukumbu hizo na kujua kama ukarabati wa kuta za nje umeshalipiwa.