TAHADHARI: Mbegu za "nyasi za akwariamu" ni utapeli

Ndugu zangu wafuga samaki wa mapambo, someni hii kabla hamjatuma pesa. Mitandaoni kuna mbegu zinauzwa kama nyasi za akwariamu, na tangazo lina picha ya tangi lililotandikwa zulia la kijani. Wanakuahidi kwamba baada ya wiki mbili lako litakuwa hivyo hivyo. Msinunue. Nyasi za kwenye picha ile hazipandwi kwa mbegu.

Nyasi fupi tunazozitamani wengi wetu, Eleocharis acicularis na Eleocharis parvula, huenea kwa vikonyo vinavyotambaa mchangani na kuchipua miche mipya njiani. Vallisneria na Sagittaria subulata nazo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana muuzaji wa kweli anakupa miche yenye mizizi, iwe kwenye chungu kidogo au kwenye kikopo cha jeli kutoka maabara.

Hizo mbegu ukizilowesha zinavaa ute kama mbegu za mrehani, halafu zinatoa vijani viwili viwili vya mviringo. Hapo umeshajua. Eleocharis haina majani mapana hata siku moja, ni vijiti vyembamba vya kijani tu. Mara nyingi ulichouziwa ni jamii ya Hygrophila, yaani mimea ya sehemu za majimaji, au mmea wa nchi kavu kabisa.

Ujanja wenyewe uko kwenye maelekezo. Unaambiwa usijaze maji kwanza: nyunyizia mchanga, funika tangi kwa nailoni, subiri zulia likamilike. Kwa unyevu na hewa namna hiyo hata mmea wa bustanini utastawi. Unafurahi, unampa muuzaji nyota tano, na muda wa kudai pesa unapita. Ndipo unajaza maji. Wiki chache baadaye majani yanakuwa manjano, kisha yanapauka hadi unaona upande wa pili. Ukiyagusa yanateleza na kuachia shina. Zulia linang'oka mapande mapande na kuelea.

Pesa inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni samaki. Mimea ikioza kwa wingi inatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na kumaliza oksijeni, na kwenye tangi jipya bakteria wa kuisafisha hiyo amonia bado hawatoshi. Ukiona samaki wanatwetea juu ya maji, usingoje kesho. Toa mabaki yote, fyonza uchafu mchangani, badilisha karibu nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, na upime amonia kila siku mpaka isionekane.

Mmoja wa wauzaji hawa nilimuuliza jina la kisayansi la mbegu zake. Akanitumia tena picha ileile ya tangazo. Nilipouliza mara ya pili, akanifungia. Muuzaji asiyeweza kukutajia jina la mmea wala kukuonyesha mizizi yake, achana naye.

Angalieni pia Ophiopogon japonicus, anayeuzwa kama nyasi za majini. Huyo ni wa bustani. Atavumilia miezi kadhaa majini, kisha ataoza.

Na mliokwisha kununua, mbegu zilizobaki na mimea mliyong'oa msitupe mtoni wala kwenye mtaro. Ikausheni kabisa, ifungeni kwenye mfuko, itupeni na taka. Hygrophila polysperma ikipata maji ya wazi huenea vibaya, na huko Marekani mmea huo umeorodheshwa kisheria kuwa gugu haribifu.