Mwaka mmoja na nusu na kamera ya mfukoni: gurudumu dogo limenifaa kuliko zumu

Kamera yangu ya kwanza ya mfukoni iliandikwa 30x kwenye boksi, kwa herufi kubwa kuliko jina lake mwenyewe. Nikanasa. Nilidhani zumu kubwa ndiyo kamera nzuri, na kwa wiki mbili nilifurahi kweli: nilimpiga ndege juu ya mti hadi manyoya yakahesabika. Kisha jua likazama, nikataka kumpiga binti yangu mezani akichora, na kila picha ikatoka na chenga (vile vidoadoa vya mchanga mchanga) au mkono wake ukawa kama moshi. Nilikaa nayo miezi minne, nikaiuza, nikanunua hii ninayoizungumzia leo.

Sitaitaja jina. Karibu yote nitakayosema yanazihusu kamera nyingi za kundi hili, na sipendi mtu aondoke hapa akisaka modeli badala ya kujua aangalie nini. Kwa kifupi: ina uzito wa gramu 300 hivi pamoja na betri, kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha inchi 1, megapikseli 20, lenzi ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu la kuingizia mwanga la f/1.8 hadi f/2.8, skrini inayoinuka, flashi ndogo inayochomoza juu, na gurudumu la kurekebisha mwanga pale kidole gumba kinapokaa. Haina dirisha la kuchungulia. Zumu yake haifiki hata 3x. Mdogo wangu aliposikia hivyo alicheka.

Nianze na kihisi, maana hapo ndipo nilipopigwa mara ya kwanza. Hiyo "inchi 1" si inchi moja. Ukipima kihisi chenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8, na hata ukipima kutoka pembe hadi pembe unapata milimita 16 tu. Jina limerithiwa kutoka enzi za kamera za video zilizotumia mirija ya kioo, ambapo kilichopimwa ni upana wa mrija kwa nje. Kamera yangu ya zamani ilikuwa na kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6. Piga hesabu ya eneo: hiki kipya ni kikubwa karibu mara nne, na kamera zote mbili ziliandikwa megapikseli 20. Walaji ni walewale, sahani ndiyo imekua. Kila pikseli inapata mwanga wa kutosha kabla kamera haijalazimika kuukuza kwa umeme, na mwanga ukiwa haba, kule kukuza ndiko kunakozianika chenga.

Halafu lenzi. Ile ya 30x ukiivuta hadi mwisho tundu lake lilibana hadi f/6.4. Namba za f zinachanganya kwa sababu zinakwenda kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Na hazipandi ngazi moja moja kama unavyodhani. F/2 inapitisha mwanga mara mbili ya f/2.8, na mara nne ya f/4. Kwa hiyo tofauti ya f/1.8 na f/6.4, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni zaidi ya mara 12. Kamera ikikosa mwanga huo ina njia mbili tu: iache shata, yaani pazia la kuingizia mwanga, wazi muda mrefu, ndipo mkono wa binti yangu unakuwa moshi, au ipandishe ISO, yaani kile kiwango cha kuukuza mwanga, ndipo chenga. Ile ya zamani ilikuwa inafanya yote mawili kwa pamoja.

Kuna watu watasema kamera ina kituliza mtetemo. Ni kweli, na kinafanya kazi. Nimepiga chumba kitupu kwa sekunde 1/10 mkononi na picha ikatulia. Lakini kinatuliza mkono wako wewe. Mtoto anayekimbia hakimhusu. Kwa watoto mimi huweka shata isishuke chini ya 1/250, wakicheza mpira 1/500, na ISO naiachia kamera ijichagulie ila nimeiwekea kikomo cha 3200. Hadi 1600 nachapisha bila wasiwasi. 3200 inatosha kwa kuangalia kwenye simu. 6400 naiweka mwenyewe pale ambapo picha mbaya ni afadhali kuliko kukosa picha. Namba za juu ya hapo ziliwekwa kupamba boksi.

Sasa gurudumu.

Siku niliyoinunua sikuliona kabisa. Lina namba kutoka -3 hadi +3, na kila mgeuko unaongeza au kupunguza theluthi ya ngazi. Nikafikiri ni kitu cha wataalamu. Wiki ya pili nikampiga mama yangu akiwa amekaa mbele ya ukuta mweupe, na uso wake ukatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Kosa si la mama wala la lenzi. Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga wote wa kwenye fremu na kudhani kwamba ukiuchanganya lazima upate rangi ya kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ikiona ukuta mweupe mwingi inasema "hapa mwanga umezidi" na kuufifisha, na anayelipa gharama ni uso ulio mbele ya ukuta huo, hasa wa mtu mwenye ngozi nyeusi. Nikageuza gurudumu hadi +1, yaani mwanga mara mbili, nikapiga tena. Mama akaonekana, mikunjo ya kicheko na yote.

Tangu siku hiyo kidole gumba hakitoki pale. Dirisha nyuma ya mtu: +1, wakati mwingine +1 na theluthi mbili. Mtu jukwaani ameangaziwa taa huku nyuma kiza: -1, la sivyo kamera itahangaika kuling'arisha giza na uso utaungua uwe karatasi. Mtu aliyevaa koti jeusi akijaza fremu: punguza kidogo. Ninageuza kabla sijabofya, naona mabadiliko kwenye skrini papo hapo. Kwenye simu pia unaweza kugusa uso na kuburuta kale kajua kadogo, ila kila ukisogea unaanza upya. Kama kamera unayoiangalia imelificha jambo hili ndani ya menyu, mibofyo mitatu chini, hutalitumia. Najua kwa sababu ile ya zamani ilikuwa nalo humo ndani na sikuligusa hata mara moja.

Kuhusu simu, niseme ukweli. Mchana wa jua kali simu yangu mara nyingi inaishinda kamera hii, hasa pale mbingu inapong'aa na chini kuna kivuli, kwa sababu simu inapiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuzishona ziwe picha moja. Kamera inapiga moja, basi. Pia simu inawaka upesi. Kamera hii inachukua sekunde mbili hivi lenzi itoke, na sekunde mbili za mtoto ni safari ndefu. Ninapoipendea kamera ni ndani ya nyumba, usiku, na kwenye sura za watu. Nikivuta hadi milimita 70 na tundu la f/2.8, nyuma ya mtu kunalainika kwa njia ya lenzi yenyewe, nywele na masikio yakibaki mahali pake, wakati simu huwa inakisia mpaka wa nywele na kukata sikio. Na jingine la kibinafsi: nikitoa simu nipige picha, nakuta ujumbe, nasoma, najibu, aliyekuwa anacheka ameshaacha kucheka. Kamera haina mtu wa kunitafuta humo ndani.

Flashi ilinishangaza. Kwa kawaida flashi ndogo ya mbele inampa mtu sura ya kitambulisho: paji linang'aa, nyuma kiza, kivuli kigumu ukutani. Lakini hii imeshikiliwa na kijiti chenye springi, na ukiirudisha nyuma taratibu kwa kidole cha shahada inaangalia dari. Dari ikiwa nyeupe na si ya juu sana, mwanga unashuka kwa upole kama wa dirishani. Inabidi upandishe ISO hadi 800 kwa sababu flashi yenyewe ni dhaifu. Sidhani waliounda kamera walikusudia hivyo, maana kitabu cha maelekezo hakisemi neno, lakini picha zangu nzuri za ndani karibu zote ni za dari.

Ina kupiga kwa RAW pia, yaani faili ghafi la kila kilichonaswa na kihisi, tofauti na JPEG, picha ya kawaida ambayo kamera imeshaipika na kuibana. Kwa miezi mitatu nilipiga JPEG tu, nikiona RAW ni mbwembwe za kujaza kadi. JPEG inabakiza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096. Utaijua maana yake siku umekosea. Nilipiga sherehe nzima chini ya taa za njano, watu wote wakawa na rangi ya manjano, na kwa kuwa siku hiyo nilibahatika kuwasha zote mbili, nilirudisha rangi ya ngozi kwenye kompyuta bila kuiharibu. Sasa huwasha zote mbili kila mara. Kadi ya GB 64 inanitosha picha elfu mbili hivi. Kama utarekodi video ya 4K nunua kadi yenye alama ya V30, inayohakikisha megabaiti 30 kwa sekunde. Video yenyewe siisemi sana. Ni nzuri, kamera inapata moto, nimeacha.

Betri ni ndogo na haina maajabu. Boksi linasema picha 250. Kipimo hicho ni cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, na wanapima kwa ukali: flashi kila picha ya pili, kuzima na kuwasha kila baada ya picha kumi. Mimi bila flashi nafika 350. Nikikaa naangalia picha kwenye skrini sifiki 200. Nilinunua ya akiba siku ya tatu. Ukisafiri kwa ndege, ya akiba inakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokwenda chini. Na ukiitoa betri siku nyingi, hakikisha tarehe haijarudi mwanzo. Nina picha za mwezi mzima ambazo kwa mujibu wa kamera zilianza kupigwa Januari mosi usiku wa manane.

Kuhamisha picha kwa waifai ni adhabu. Programu inakatika katikati, inadai niunganishe upya, inasahau. Nilinunua kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye simu na tatizo likaisha.

Lakini kamba hukatikia pembamba, na kwenye kamera hizi pembamba ni lenzi inayoingia na kutoka. Inavuta hewa kama pampu. Mimi nilikuwa naiweka mfukoni mwa suruali, pamoja na nyuzi na vumbi vyote vya mfukoni, na mwezi wa tisa nikaona doa la kijivu kwenye picha za anga, palepale kwenye kila picha. Lenzi haifunguki, kwa hiyo huwezi kujifutia mwenyewe. Fundi aliifungua yote kutoa kipande cha uzi kisichofika milimita moja, na nilimlipa kwa uchungu. Leo inakaa kwenye kifuko chake chenye zipu. Ukinunua iliyotumika, fanya jaribio hili kabla hujatoa pesa: weka tundu f/11, vuta zumu, piga anga au ukuta mweupe, kisha angalia picha ikiwa imekuzwa. Kwenye f/2.8 doa linajificha. Kwenye f/11 linajitaja. (Kwa picha za kawaida sipiti f/8. Kwenye kihisi kidogo hivi, tundu likibana zaidi ya hapo picha inaanza kulegea.)

Wenye kuuliza megapikseli 20 zinatosha: zinatosha karatasi ya sentimita 46 kwa 31 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi. Nimechapisha moja tu ya ukubwa huo, ya mama na ukuta wake.

Dirisha la kuchungulia nalikosa. Juani skrini inageuka kioo cha kujitazamia, nabaki nakisia. Ningekuwa nanunua leo, hicho ndicho ningekiongezea pesa, na zumu ningeiacha hivihivi. Rangi nyeupe ya namba za kwenye gurudumu imeanza kufutika kati ya 0 na +1. Ile -3 bado inang'aa kama siku ya kwanza. Sijawahi kufika huko.