Semina kwa wote, au wachache wafundishwe kwa kina?

Chuo cha hapa Tabora chenye fedha ya kuwafundisha watumishi mara moja tu namna ya kumsaidia mwanafunzi aliyefanyiwa ukatili wa kingono kina njia mbili. Kwanza, semina ya siku moja kwa kila mtumishi, kuanzia mhadhiri hadi mlinzi. Pili, watumishi wachache wakae wiki nzima na mshauri nasaha, askari wa Dawati la Jinsia la polisi na muuguzi kutoka hospitali ya Kitete.

Semina ina uzito wake. Binti aliyebakwa humwendea anayemwamini, na huyo anaweza kuwa matroni wa bweni, si mkuu wa idara. Matroni akijua kwamba dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu abakwe, hatapoteza muda kuuliza alivaa nini. Ila siku moja haimfundishi mtu kusikiliza na kutunza siri, wala kushughulikia rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. (Tena wapo wanaosaini posho na kutoweka baada ya chai.)

Ningechagua wachache, wake kwa waume, namba zao zibandikwe kila bweni. Wengine wapewe saa mbili tu: nini wasiseme, na wampeleke aliyefanyiwa ukatili kwa nani.