Equilab: kikokotoo kizuri kwa mwenye karata kali

Equilab hupiga hesabu za poka ya Texas Hold'em kwenye kompyuta ya Windows, bila malipo. Weka karata zako, weka za mpinzani, nayo itakupa asilimia ya ushindi.

Faida yake huonekana ukiwa na ree mbili mkononi. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, zina takriban asilimia 85. Wapinzani wakiwa wanne, hushuka hadi 56 hivi. Ndiyo maana mwenye ree hupandisha dau mapema kupunguza watu, badala ya kujificha na kulipa tu dau la wengine.

Kosa kubwa la wanaojifunza ni kumpa mpinzani karata zozote hata baada ya yeye kupandisha dau mara mbili. Jedwali la Equilab lina visanduku 169, kila kimoja kikiwa aina moja ya karata mbili za kuanzia. Chagua vile tu ambavyo angecheza hivyo kweli. Ukiweka 9, 8 na 7 za kopa mezani, kisha umwachie karata zinazompa tatu za namba moja, mifululizo na kopa mbili, utaona ree zako zikinywea. (Wengi hawapendi kuliona hilo.)

Linganisha asilimia yako na bei ya kuendelea: mezani kuna 100, anaweka 50, wewe unalipa 50 kugombea 200, kwa hiyo unahitaji asilimia 25.

Upungufu: haijui madau yajayo wala nafasi ya kukaa mezani, na haikuambii uweke dau kiasi gani. Kwa hilo, tafuta programu nyingine.