TAHADHARI: "Dawa maalumu ya nzi weupe wakubwa" kwenye chupa isiyo na lebo

Kuna wauzaji wanaokuomba picha ya jani lenye weupe, kisha bila kuuliza lolote wanakujibu: "Huyo ni nzi mweupe mkubwa, dawa yake ipo." Chupa haisemi kilichomo wala kipimo. Usitoe hela kabla hujaligeuza jani.

Nzi mweupe mkubwa (Aleurodicus dugesii, asili yake Meksiko) hukaa upande wa chini wa jani, na haibiskasi ndiyo kipenzi chake. Aliyekomaa ana milimita 4 hadi 5. Yule wa kwenye nyanya na mihogo hata 2 hafikishi, kwa hiyo rula inatosha. Hutaga mayai kwa mizunguko ya nta kama alama ya kidole. Mizunguko peke yake isikudanganye, maana Aleurodicus dispersus, nzi mweupe mwingine wa jamii yake, naye hutaga hivyo. Angalia ndevu, yaani nyuzi za nta: za tunutu (mdudu mchanga) wa dugesii huning'inia hadi sentimita 5 au zaidi, za dispersus hata sentimita 1 hazifiki.

Tikisa jani. Nzi weupe wataruka kidogo na kurudi. Vidung'ata, wadudu wengine wenye unga mweupe, hawaruki, wamejibana kwenye maungio. Ukikuta unga mtupu usio na mdudu, huo ni ubwiri unga, yaani ukungu, na dawa ya wadudu haiugusi.

Mchezo wenyewe uko kwenye majaribio. Muuzaji anapulizia jani mbele yako, ndevu zinadondoka, jani linang'aa, unalipa. Kilichotoka ni nta tu, na maji ya bomba yangeitoa bure. Tunutu ni vibamba bapa vilivyong'ang'ania jani. Vitazame kwa lenzi ya mara 10. Ganda lenye ufa wa herufi T, nzi ametoka salama. Ganda lenye tundu la duara, nyigu mdogo kama Encarsia noyesii ameshamla kwa ndani. Dawa kali ya kubahatisha huwamaliza nyigu hao, na nzi hurudi wengi zaidi.

Kata majani yaliyoelemewa, yafunge kwenye mfuko papo hapo, kisha piga maji ya presha chini ya majani yaliyobaki angalau mara moja kwa wiki. Kama chupa umeshainunua, usiipulizie kabisa kwenye mparachichi au mchungwa. Mdudu huyu hushambulia hata miti hiyo, na matunda yake yanaliwa.