Kibanda cha nyimbo soko la Mwanga, Kigoma: nilifuata zouk, nikapewa na asili yake

Binti wa kaka yangu alikuwa na sendofu, na mimi shangazi mtu nikapewa kazi ya muziki. Kibanda cha kwanza nilichokwenda, sikitaji, walinijazia flashi wakasema yote ni zouk. Kufika nyumbani, nusu ni rumba ya Kongo, nusu kizomba ya Angola. Elfu tatu yangu ikaenda hivyo.

Mwenzangu tunayeuza naye dagaa Kibirizi akanielekeza kwa kijana mwenye kibanda cha mabati ya bluu, nyuma ya soko la Mwanga. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nataka zouk. Hakugusa kompyuta kwanza. Akauliza, "Ya kukumbatiana au ya kurusha miguu?" Hapo nikajua nimefika.

Sisi wa Kigoma tumekua tukiamini zouk ni ya Wakongo, maana kaseti zilikuja na boti za Kalemie na Uvira, ndani ya marobota ya vitenge. Kijana akanirekebisha kwa adabu. Zouk imezaliwa Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa. Kwa Kikrioli cha huko, zouk ilikuwa sherehe ya kucheza kabla haijawa jina la muziki. Zamani watu wa visiwa hivyo walicheza sana kompa ya Haiti na kadensi ya Dominica. Mwaka 1979 Pierre-Édouard Décimus na Jacob Desvarieux wakaunda bendi ya Kassav', wakazichukua ngoma za kwao, gwoka na zile za kanivali, wakaziingiza studio za Paris pamoja na vinanda, magitaa na tarumbeta. Tena wakaimba Kikrioli, si Kifaransa. Hilo lilinishika moyo, mimi Muha niliyechapwa shuleni kwa kuongea Kiha. Wimbo wao uliovuma 1984 unasema zouk ndiyo dawa pekee tuliyo nayo. Miaka yote nimeucheza bila kujua kinachosemwa!

Kisha akaniambia, "Achana na kinanda, mama, sikiliza kwa chini." Kuna vijiti vinagonga bila kupumzika, taka-taka, vinaitwa ti bwa, na huko kwao hugongwa ubavuni mwa ngoma au kwenye mwanzi. Sasa siwezi kuusikia wimbo wa zouk nisivitafute.

Nyimbo zilikuwa 64, zimepangwa za haraka kwanza, za taratibu mwishoni. Sauti hazilingani; DJ alikuwa akipandisha na kushusha usiku kucha, na hilo nimemwambia kijana alirekebishe. Lakini Desvarieux, aliyefariki Julai 2021, alipoanza na ile sauti yake ya kukwaruza, wifi zangu wote waliacha sahani.

Bei elfu tano. Nendeni na flashi yenu, kabla ya saa nne asubuhi. Mchana foleni ni ndefu na hapati nafasi ya kuongea.