trace_marker ya Linux: ilivyonishikia ile mizani inayosinzia Kibaigwa

Nina Raspberry Pi yangu (kompyuta ndogo inayotumia Linux) nimeifunga kwenye mizani ya mzee mmoja anayenunua mahindi Kibaigwa, gunia likipanda inasoma kilo, inaandika, inatoa risiti. Msimu ulipochanganya ikaanza vituko, kila baada ya magunia kadhaa namba inaganda kama sekunde mbili hivi, makuli wamesimama na mzigo mgongoni wananuna, mzee ananipigia niko Dodoma mjini, "We kijana, mashine yako imesinzia tena huku." Napanda basi nafika, ngoma inakimbia safi kabisa utadhani inanicheka.

Mwanzo nikajaza printf, yaani amri za kuandika kila hatua ya programu, za kwenda kwenye faili la logi, asee ndo ikaganda zaidi (sababu utaiona chini huko, nilicheka mwenyewe). Ndo nikahamia trace_marker. Hii iko ndani ya ftrace, chombo cha kufuatilia yanayotokea ndani ya kerneli (kiini cha Linux), na ftrace imo humo tangu 2.6.27 ya mwaka 2008, yaani nimeishi nayo miaka yote hiyo bila habari. Huinstoli kitu. Ni faili tu, /sys/kernel/tracing/trace_marker, programu yako ikiandika neno humo linaingia kwenye bafa ya kerneli (sehemu ya kuhifadhi kwa muda) kwenye RAM, halijali memori kadi wala diski. Utamu wake ni kwamba neno lako linakaa kwenye orodha moja na mambo ya kerneli yenyewe, yote yakipimwa kwa saa ileile, hadi maikrosekunde, kwahiyo unaona "nimeanza kusoma gunia" halafu chini yake kabisa unaona kerneli ilikuwa inafanya nini muda huo.

Sasa kosa langu. Nikawasha matukio ya sched (programu kupokezana CPU) na block (kusoma na kuandika diski) yote, nikaacha siku nzima, jioni nafungua, bafa imeshajiandika juu ya yenyewe mara sijui ngapi, ile sekunde ya tatizo haipo. Bafa kwa kawaida ni kama 1.4 MB kwa kila CPU, hiyo inajaa kabla chai haijapoa. Dawa nikaipata: programu yenyewe ikiona kusoma kumezidi nusu sekunde inaandika "NIMECHELEWA" halafu hapohapo inaandika 0 kwenye tracing_on, lile faili la kuwasha na kuzima tracing, bafa inasimama na ushahidi wote ndani. Ila kumbe tracing ikishazimwa, kuandika tena kwenye trace_marker kunarudisha "Bad file descriptor", na mimi nilikuwa nimeandika kwamba kosa lolote programu ife, basi mizani ikazima kabisa katikati ya fuso zima la mahindi. Mzee siku hiyo hakupiga simu, alimtuma mtu.

Nilivyorekebisha hiyo, siku ya pili tu nikampata mwizi. Mstari wangu "naandika risiti", chini yake sched_switch (tukio la CPU kubadilisha programu) inaonyesha programu yangu imetolewa na prev_state=D, maana yake imelala inasubiri diski, halafu jbd2, kazi ya kerneli inayotunza jarida la mfumo wa mafaili, inahangaika, kisha ombi moja la kuandika kwenye memori kadi linakaa karibu sekunde mbili ndo linajibiwa. Kadi! Mimi nafanya fsync kila risiti, yaani nasubiri hadi iandikwe kwenye kadi kabisa, tena kwenye uzi (thread) uleule unaosoma mizani, na zile logi zangu nazo zilikuwa zinaenda kwenye kadi hiyohiyo. Nikahamishia uandishi wa risiti kwenye uzi mwingine, kadi nikabadilisha, kimya.

Kero zake zipo. Faili ni la root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwahiyo ruhusa upange mwenyewe. Saa yake kwa kawaida inahesabu tangu mashine iwashwe, kumwambia mzee "ilikuwa saa nne na robo" lazima upige hesabu. Halafu inameza maandishi ya kawaida tu, ukitaka sehemu zenye aina zake (namba, neno na kadhalika) kuna user_events kwenye kerneli 6.4 kwenda mbele, mimi sijaihitaji. Steven Rostedt aliyeianzisha ftrace akipita Dodoma ana kreti la zabibu kwangu.

Alama zangu tatu nimeziacha humohumo kwenye programu, faili nalifungua mara moja tu ikiwaka, na tracing ikiwa imezimwa lile kosa nalipuuza.